Risasi Thelathini za Ijumaa

Sifa ni zako, Mungu uliye hai, uliyeniamsha leo ukanipa macho ya kuiona karatasi hii na mkono ambao bado waweza kushika kalamu. Umenipa miaka mingi kuliko niliyoomba. Umenipa mke mpole na wajukuu wenye kelele, na kanisa dogo la mabati ambamo nimesoma Neno lako kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nikikushukuru kutoka asubuhi hadi jua litue sitakuwa nimeanza. Na kwa kuwa wewe huyajua ya moyoni kabla hayajafika mdomoni, haya ninayoandika si mapya kwako. Ni mapya kwa wanadamu, ambao niliwaficha.

Mwaka huu, kabla ya mvua za masika, nilikuwa kwenye foleni ya dawa za presha katika zahanati moja ya Kisauni. Muuguzi akaita jina: Athumani Mwakuleta. Mwanamke mmoja mbele yangu akaitika, “Abee, yuko nami,” akamwinua mzee aliyekuwa ameketi kando yake, amevaa kofia ya vito iliyofifia na kanzu iliyopigwa pasi. Nilikuwa mabenchi matatu nyuma yao. Nilimjua kwa shingo yake kabla sijauona uso. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba Athumani alihamia Tanga, au kwamba alikufa. Mtu mmoja aliwahi kuniambia hivyo, nami sikuuliza mara ya pili kwa sababu jibu lile lilinifaa. Sasa alikuwa pale, anashikwa mkono kama mtoto anayejifunza kutembea. Walipotoka nikamfuata yule mwanamke hadi kwenye lango nikamuuliza wanakaa wapi. Akasema Mtopanga. Mimi nakaa Mishomoroni. Mtu mwenye miguu kama yangu aweza kutoka kwangu hadi kwao kabla chai aliyoiacha jikoni haijapoa vizuri. Siku ile nilielewa kwamba maishani mwangu limebaki jambo moja la kufanya: kumwambia Athumani, kabla mmoja wetu hajaondoka, kwamba hakukosa.

Mwaka nitakaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilifanya kazi katika klabu ya walenga shabaha iliyokuwa ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, upande wa bara, mbali kidogo na nyumba za watu. Kuta za machimbo zilikuwa nyeupe na ndefu, na risasi ikipigwa mlio wake ulizunguka mle ndani mara tatu kabla haujafa. Hakuna mnyama aliyepigwa pale. Wanachama walikuwa watu wenye nafasi zao, mabwana wa bandarini, mawakili, madaktari, na walichopiga ni karatasi yenye duara, iliyobandikwa umbali wa mita mia mbili. Bunduki zao zilikuwa nyembamba, za risasi ndogo, na risasi hizo hawakupenda kuzinunua zikiwa tayari. Walisema za dukani hazifanani, hii yenda juu, ile yenda kando. Walitaka zijazwe kwa mkono, moja moja, zote sawa. Kazi hiyo ilikuwa yetu, mimi na Athumani, chini ya fundi mkuu, Bwana Menezes, mzee wa Kigoa aliyezaliwa Mombasa na kusema Kiswahili kuliko sisi sote.

Chumba cha kujazia kilikuwa na meza ya mvule, mashine mbili za mkono zilizofungwa mezani kwa bolti, na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo. Feni haikuruhusiwa, kwa sababu upepo wowote uliichezesha mizani, na dirisha lilifungwa. Tulitoa jasho hadi viwiko vikateleza juu ya meza. Viatu tuliviacha mlangoni. Athumani alisema chumba kile ni msikiti wake wa pili. Mimi nilisema ni kanisa la kwanza nililoona lisilo na kwaya. Alitoka Likoni kila alfajiri, akavuka feri, akafika kabla yangu, na kila siku alinipokea kwa maneno yale yale: “Mwalimu wa dini, umeomba? Basi niombee na mimi, maana mie nimekuja nimesimama njia nzima.” Alijua kwamba nilikuwa nangoja nafasi katika chuo cha mafunzo ya dini, na alinitania kwa hilo bila kuchoka. Aliniuliza kama wainjilisti hulipwa kwa sambusa au kwa mahubiri. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi kutoka kwa mama mmoja aliyepika kando ya barabara ya machimbo. Athumani aliyagawa mahamri kwa kuyapima kwa macho, na kila mara alinipa lile kubwa, huku akiapa, “Wallahi yote sawa, kafungue kesi.”

Kazi yenyewe niieleze kidogo, kwa kuwa bila hiyo msomaji hataelewa dhambi yangu. Risasi ina ganda la shaba. Chini ya ganda kuna fataki, ndani kuna baruti, na juu, mdomoni mwa ganda, huchomekwa kichwa cha risasi, kile kinachoruka. Athumani alikuwa mtu wa baruti. Alipima kila punje, akiishikilia pumzi yake hadi mshale wa mizani utulie, kisha akamimina, akaweka ganda kwenye trei ya mbao yenye matundu thelathini. Mimi nilikuwa mtu wa vichwa. Nilivuta mkono wa mashine, nayo ikakizamisha kichwa ndani ya ganda, kwa kina kile kile kila mara. Kina hicho ndicho kitu ambacho Bwana Menezes alitufundisha kwa miezi. Kichwa kikizama mno, baruti hukosa nafasi, na moto ukiwaka ndani ya ganda dogo namna ile huwa hauna pa kwenda ila kurudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji. “Ganda kubwa husamehe,” alikuwa akisema, “hili dogo halisamehi unene wa unywele.” Ili tusipoteze muda, alikuwa amekata bamba la chuma lenye pengo, tukaliita mlango. Risasi iliyokamilika ilipitishwa katika pengo lile. Ikipita kwa kugusa kidogo tu, urefu wake ni sawa.

Lakini mlango ule ulikatwa kwa vichwa vya aina moja, vile vifupi vya pua butu tulivyovitumia siku zote. Pua ikiwa ndefu zaidi, risasi itaonekana ndefu ingawa kichwa kimezama inavyopaswa, na mtu akiilazimisha ipite mlangoni atakuwa amekizamisha kupita kiasi. Hilo nililijua. Bwana Menezes alinifanyisha mtihani juu yake, mwezi mzima, hadi nikaweza kulisema usingizini: vichwa vipya, mlango mpya. Unachukua ganda tupu lisilo na baruti, unaingiza katika bunduki yenyewe, unapata pale kichwa kinapogusa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, unapima kutoka pale, ndipo unaanza. Ni kazi ya saa mbili. Nilipofaulu, Bwana Menezes alinipa mkono mbele ya Athumani akasema, “Huyu sasa ni fundi,” na Athumani akapiga kofi moja kubwa la furaha na kuniambia nisije nikasahau kumsalimia nikishakuwa mkubwa.

Neno hilo, fundi, lilinikaa kichwani vibaya. Wiki chache baadaye nilikuwa nafagia upande wa nyuma wa baraza ambako wanachama waliketi kunywa, na ukuta wa makuti haukuzuia sauti. Mmoja alikuwa anasifia karatasi yake, matundu matano yaliyoweza kufunikwa kwa sarafu. Mwenziwe akasema, “Hizo ni za yule kijana wa Likoni. Yule ndiye fundi. Yule mwingine ni mkono wake tu.” Wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka kwenye kiti cha starehe. Wakaendelea kuongelea kodi za ardhi ya Nyali. Nami nilisimama na ufagio, nikaona uso wangu unawaka. Leo nikifikiri, ilikuwa sentensi ndogo kiasi gani! Nimeambiwa maneno mabaya zaidi ya hayo na watu wa kanisa langu mwenyewe, nikalala vizuri. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilitaka sana kuwa mtu fulani, na shetani hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ikaja Ijumaa. Vichwa vyetu vya pua butu vilikuwa vimekwisha. Shehena ilikuwa imekwama bandarini, na Bwana Menezes alikwenda Kilindini mwenyewe kuifuatilia. Kabla hajaondoka alituachia boksi la vichwa alivyoazimwa na mwanachama. “Uzito ule ule,” alisema, akanigeukia mimi. “Kesho nataka thelathini. Katana, we ushajua la kufanya.” Nilivifungua baada ya yeye kuondoka. Vilikuwa vizuri kuliko vyetu, vyembamba, vyenye pua ndefu iliyochongoka kama sindano ya kushonea magunia. Athumani alipima baruti asubuhi nzima. Alipomaliza ganda la thelathini alichukua kawa la mkewe, lile alilofunikia chakula chake, akaifunika trei ili vumbi lisiingie. Akaniambia, “Mie naenda msikitini. Nikirudi tutazitazama pamoja kwa tochi, ndipo upachike. Usiniache, Mwalimu.” Ndivyo tulivyofanya siku zote. Hakuna ganda lililozibwa kabla macho manne hayajaangalia ndani. Nikamwambia nenda, utanikuta.

Alipoondoka nilikaa dakika kadhaa. Joto lilikuwa kali na machimbo yalikuwa kimya. Nikawaza: saa mbili za kutafuta kina kipya, kisha kumngoja, kisha tochi, na jioni itakuwa imefika, na kesho watasema tena za yule wa Likoni. Nikaliondoa kawa. Nikachukua mlango ule ule wa zamani. Risasi ya kwanza haikupita, pua ilijitokeza. Nikaiteremsha mashine kidogo, nikavuta tena. Haikupita. Nikateremsha tena. Na hapo niliisikia. Chini ya kiganja changu, kupitia ule mkono wa chuma, ikaja sauti ndogo ya kusagika, kama mtu anayetafuna mchele mbichi chumba cha pili. Zilikuwa ni punje za baruti zikibanwa na kichwa. Kamwe sikuwahi kuisikia sauti ile katika kazi yetu, na nilijua ni nini. Nilisimama na mkono wa mashine ukiwa umevutwa nusu. Kisha nikamalizia kuuvuta. Risasi ikapita mlangoni ikigusa kidogo tu, kama inavyotakiwa. Nikafanya ya pili, na ya tatu. Niliisikia sauti ile mara thelathini.

Athumani alirudi na sambusa mbili zilizofungwa katika gazeti, akakuta trei imekamilika. “Ah! Umeshamaliza?” akasema. “Mbona hukunisubiri?”

“Ulichelewa, sheikh.”

“Hotuba ilikuwa ndefu. Imamu leo alikuwa na watu wake wa kuwasema.” Akaichukua risasi moja akaizungusha vidoleni. “Vichwa hivi vyaonekana vyakaa chini sana, au macho yangu?”

“Vimepita mlangoni,” nikasema.

Akaiangalia tena kidogo. Kisha akairudisha tunduni. “Basi we ndiye fundi wa vichwa,” akasema, “mie wa unga.” Akanipa sambusa yangu. Nikaila. Nakumbuka ilikuwa na pilipili nyingi na kwamba niliona tamu.

Jumamosi, kama desturi yake, Bwana Menezes alipiga za kwanza mwenyewe kabla ya kuwaruhusu wanachama. Mbili zilitoka, na baada ya ya pili niliona amesita akaitazama bunduki, kana kwamba imemsukuma kuliko kawaida. Ya tatu haikutoa mlio wa risasi. Ilitoa mlio wa kitu kuvunjika, na moshi ukatoka nyuma badala ya mbele. Alipoanguka kando, mkono wake ulikuwa umefunika jicho la kulia na damu ilikuwa inapita kati ya vidole. Watu walikimbia. Aliyekuwa karibu zaidi ni Athumani, ndiye aliyemwinua kichwa na kumwekea shati lake. Na yule mzee, pale chini, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza, “Nani alijaza baruti?”

“Mimi, Bwana,” Athumani akasema.

Hakuuliza nani alipachika vichwa. Na kwa kuwa hakuuliza, mimi sikujibu. Nilisimama hatua nne kutoka pale. Nimehubiri mara nyingi juu ya Petro na jogoo, na kila mara waumini husema mwinjilisti wetu analihubiri fungu lile kwa machozi. Hawajui kwamba Petro angalau aliulizwa.

Jicho halikupona. Nilikwenda hospitali siku ya tatu, na Bwana Menezes alikuwa amefungwa kitambaa nusu ya uso, mkewe akimlisha uji kwa kijiko. Akaniuliza, “Katana, ulipima?” Nikasema, “Nilipima, Bwana.” Nalo lilikuwa kweli, nilipima. Akafumba jicho lililobaki akasema, “Basi ni baruti.” Mkewe akatikisa kichwa na kusema maskini Athumani, kijana mwema, sijui alikuwa na mawazo gani siku hiyo. Baada ya mwezi walisafiri kwa ndugu zao nje kutafuta madaktari, na sikumwona tena.

Uongo kamili niliusema wiki ile ile ya ajali. Mwenyekiti wa klabu alikuwa wakili, mtu wa haki kwa kadiri alivyojua, ila hakujua lolote juu ya kujaza risasi. Hakutaka kumfukuza mtu bila ushahidi. Akanipa zile ishirini na saba zilizobaki akaniambia nizifungue, nipime baruti ya kila moja, nimletee jibu. Alinipa kazi hiyo mimi, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa dini. Nilijifungia chumbani. Nilivivuta vichwa kimoja baada ya kingine, nikamimina baruti kwenye mizani, nikaishikilia pumzi yangu kama nilivyomwona Athumani akifanya. Zote ishirini na saba zilikuwa sawa. Hakuna hata moja iliyozidi au kupungua. Sijaona kazi ya mkono wa mwanadamu iliyonyooka namna ile, kabla wala baada. Ilikuwa mbele yangu pale mezani, na hakuna shahidi mwingine duniani aliyeiona.

Mwenyekiti alikuwa ofisini na barua mbele yake. Ilikuwa barua yangu, ile ya tabia njema niliyohitaji kwa chuo; nilikuwa nimeiomba majuma mawili kabla. Kalamu ilikuwa wazi. Akaniuliza, “Umepata nini?” Nikasema, “Nyingine zilikuwa zimezidi.” Akashusha pumzi kama mtu aliyesikitika kwa dhati. Akatia saini barua yangu, akanipa, akaniambia Mungu akutangulie. Athumani aliitwa baada yangu. Tulipishana mlangoni. Alinishika bega akaninong’oneza, “Umewaambia ukweli, sivyo? Ulikuta sawa?” Nikamwambia, “Kaka, zilikuwa zimezidi.” Sikumwambia mwenyekiti peke yake. Nilimwambia na yeye. Akaitazama mikono yake, yote miwili, mbele na nyuma. Hakubisha. Laiti angebisha! Laiti angenipiga! Aliniamini mimi kuliko alivyoiamini mikono yake.

Mengine ya mwaka ule ni machache. Athumani alifukuzwa, nami nikaenda chuoni. Nilisoma kwa bidii, nikapewa kanisa, na Mungu kwa rehema zake hakuliacha kundi lake lipungukiwe kwa ajili yangu. Nilimweleza mchungaji wangu mara moja, miaka mingi baadaye, akaniombea, akaniambia nimesamehewa. Naamini nimesamehewa. Lakini nimekuja kuona kwamba nilitubu kwa aliyekwisha kujua, nikamwacha asiyejua.

Baada ya siku ile ya zahanati nilifunga siku tatu, kisha Alhamisi nikaenda Mtopanga. Binti yake anaitwa Mwanaisha. Ana chumba na ukumbi katika nyumba ya Kiswahili yenye ujia mrefu, wapangaji wakipika milangoni, harufu ya nazi na ya mafuta ya taa. Alinisalimia, “Shikamoo ami,” nikaitika marahaba. Akaniambia, “Baba wakati mwingine yupo, wakati mwingine hayupo. Usimshangae.” Athumani alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani. Nikataja jina langu. Alinitazama muda mrefu, na nikaona jina langu linamfikia taratibu. Uso wake ukakunjika. Akanishika mikono yote miwili.

“Katana,” akasema, “nisamehe, ndugu yangu. Nilizidisha. Nilimtoa mzee jicho. Nikakutia aibu na wewe, mtu wa Mungu.”

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu siku tatu, yakatawanyika yote. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa kigugumizi: hukuzidisha. Nilizipima ishirini na saba, zote sawa. Mimi ndiye niliyezamisha vichwa, niliyatumia mapimo ya zamani, nilisikia baruti ikisagika, nikaendelea. Kisha nikadanganya. Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakusogea.

“Wallahi?” Athumani akauliza.

“Mungu ni shahidi, kaka.”

Akaiachia mikono yangu akaiinua yake mbele ya macho. Imekuwa myembamba, yenye madoa. “Kumbe mikono mizima?” akasema. Akacheka, akalia, akamwita binti yake aje aitazame. “Mwana, baba yako hakukosa! Msikie ami yako!” Nilidhani, msomaji, kwamba Mungu amenipa nilichoomba. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilikuwa mtu huru. Kisha akakiweka chini kikombe, akapangusa midomo, akanigeukia kwa adabu kama anayemwona mgeni kwa mara ya kwanza. Akanitazama. Uso ukakunjika vile vile. “Katana, nisamehe, ndugu yangu. Nilizidisha.”

Nikamwambia upya. Akalia upya, akafurahi upya, akasahau. Mara ya tatu Mwanaisha akaniomba tutoke ujiani. Hakupaza sauti, majirani walikuwapo. “Wajua, ami,” akasema, “hajawahi kunipimia dawa. Nikiwa mdogo nikishikwa na homa, mama akiwa hayupo, alinibeba kwa jirani na chupa mkononi, anamwambia, tafadhali mpimie mtoto, mimi mkono wangu si wa kuaminika. Chumvi hakuthubutu kuitia. Alibeba magunia bandarini hadi mgongo ukakatika kwa sababu gunia halihitaji kupimwa. Nami nilimcheka! Nilidhani ni uoga wa kizee.” Akanigeukia. “Ulikuwa wapi miaka yote hii?”

“Mishomoroni,” nikasema.

Nilikwenda Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, na nyingine. Nilijaribu kumwandikia kwa herufi kubwa, akasoma, akalia, akaikunja karatasi, asijue tena ilikuwa ya nini. Nilidhani kwa kurudiarudia itamwingia, kama maji yanavyoingia jiweni. Lakini kosa lile lilimwingia akiwa kijana, akili ikiwa nzima, na limekaa mahali ambapo hakuna kinachosahaulika. Ukweli umekuja wakati hakuna tena mlango wa kuingilia. Amesahau jina la mkewe. Amesahau kuvuka feri. Niliyompa mimi ndiyo yaliyobaki.

Mwezi uliopita Mwanaisha alinisimamisha kabla sijaingia. Macho yake yalikuwa yamechoka. “Ami,” akasema, “nakuomba usimwambie tena. Ukiondoka hakumbuki ulichosema, akumbuka tu kwamba amelia, azunguka nyumbani hadi asubuhi atafuta nini hajui. Akikuomba msamaha, mpe. Mwambie umemsamehe. Hilo ndilo lamtuliza. Nimelijaribu mimi, akasema aliyemkosea si mimi, ni Katana.”

Nikamwambia siwezi. Mimi kumsamehe yeye? Kwa lipi, nami ndiye mkosaji?

“Si kwa ajili yako,” akasema.

Kwa hiyo sasa kila Alhamisi naenda Mtopanga. Tunakunywa chai. Hunishika mikono, uso wake hukunjika, huniomba. Na mimi, niliyeizamisha risasi, niliyedanganya, niliyepewa kanisa na heshima kwa uongo ule, humtazama mtu asiye na kosa na kumwambia, “Nimekusamehe, kaka. Nimekusamehe kabisa.” Hushusha pumzi, akalala pale pale mkekani, na Mwanaisha humfunika shuka. Mimi hurudi nyumbani kwa miguu. Nikiomba usiku kwa ajili yangu mwenyewe, hunijia tu maneno hayo niliyoyasema, na siwezi kuyapeleka mbele za Mungu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuweke. Akupe mtu wa kumwambia ukweli akiwa bado anaweza kuusikia, na akupe miguu ya kwenda kwake leo. Akulinde mikono yako na mikono ya wale wanaokuamini. Amina.